Mdogo wangu ana lukemia, sasa wasema ni fangasi ya mapafu: mbona hawapimi makohozi tu wakajua?

Swali limetoka kwa dada mmoja wa Kisauni. Nimelifupisha:

"Assalaam aleikum daktari. Mdogo wangu wa kiume ana miaka 24, amepatikana na lukemia, saratani ya damu, ile inayokwenda mbio. Leo ni siku ya kumi na sita tangu aanze kemo, na tangu siku ya tisa homa haimtoki. Amepigwa antibiotiki za mshipa, zikabadilishwa, homa iko pale pale. Ana kikohozi kikavu kidogo, na ubavu wa kulia wamuuma akivuta pumzi. Eksrei ya kifua wasema ni safi. Makohozi yamepimwa, TB hakuna, lakini ripoti imeandikwa 'Candida'. Sasa daktari wake asema huenda ni fangasi ya mapafu. Ameagiza CT, ile picha ya kifua ya mashine kubwa, na kipimo cha damu kiitwacho galaktomanani, na kabla majibu hayajarudi ameshamwanzishia vorikonazoli, dawa ya fangasi, yenyewe ghali. Baba asema twabahatishiwa. Jirani asema hiyo ni TB tu, apewe dawa za TB. Kwani hawawezi kupima makohozi wakajua moja?"

Waaleikum salaam dadangu, na poleni nyote nyumbani.

Nianze na la baba. Hambahatishiwi. Kwa ulivyoeleza, daktari wa nduguyo amekwenda njia ambayo nami ningekwenda, tena kwa haraka hiyo hiyo. Ni njia ngeni machoni pa watu kwa sababu tumezoea ugonjwa upimwe, ujulikane, ndipo utibiwe. Malaria ni tone la damu kidoleni. TB ni makohozi kwenye mashine ya GeneXpert, na chini ya saa mbili jibu liko mezani. Fangasi ya mapafu kwa mtu aliyeishiwa chembe nyeupe haina kipimo cha namna hiyo. Inajulikana kama kesi inavyosikizwa kwa kadhi: shahidi mmoja hatoshi, na kila shahidi ana ila yake.

Makohozi ndiye shahidi dhaifu kuliko wote, na nitakwambia kwa nini.

Fungua kabati ambamo boflo limelala siku nne wakati wa masika. Ule unga wa kijani unaoruka ukiligusa ni mbegu za kuvu. Mbata zilizoanikwa uani zikanyeshewa, hali ni hiyo hiyo. Katika ukoo huo ndimo alimo adui tunayemsaka, aspajilasi. Jina hilo alilitoa kasisi mmoja wa Italia, Pier Antonio Micheli, mwaka 1729, kwa kuwa alipoitazama kuvu kwa lenzi aliona kama kile kifaa cha kunyunyizia maji ya baraka kanisani. Angekuwa mtu wa Mji wa Kale angeliona mrashi: shingo nyembamba, kichwa cha mviringo, na matone yanayorushwa kila upande. Matone yenyewe ndiyo mbegu. Gawa milimita moja mara elfu. Mbegu ya aspajilasi ina upana wa vipande viwili au vitatu hivi tu, kwa hiyo hupita pua, hupita koo, hufika mwisho kabisa wa pafu. Wewe, mimi na abiria wote wa feri ya Likoni twavuta mamia ya mbegu hizo kila siku, na chembe zetu nyeupe huzimaliza bila sisi kuwa na habari.

Sasa, kitu ambacho kila mtu anakivuta kikionekana kwenye makohozi, hakijathibitisha ugonjwa. Na kisipoonekana hakijauondoa, maana kwa mgonjwa kama nduguyo fangasi haikai kwenye njia ya hewa ikingoja kukoholewa. Imezama ndani ya nyama ya pafu. Ndiyo maana kikohozi chake ni kikavu. Damu ikioteshwa maabara nayo haisaidii. Aspajilasi haioti humo ila kwa nadra sana.

Hiyo "Candida" iliyoandikwa kwenye ripoti, iwacheni. Hiyo ni fangasi nyingine kabisa, mkaazi wa kawaida wa kinywa, na mtu akishapigwa antibiotiki siku kadhaa huzidi. Makohozi hupitia kinywani, basi hubeba alichokikuta mlangoni. Nimonia ya Candida hasa ipo, lakini ni adimu mno. Ninalisisitiza hili kwa sababu niliwahi kuitwa kumwona mama mmoja, hospitali siitaji, aliyekaa wiki nzima akimezeshwa flukonazoli, dawa nyingine ya fangasi, kwa ajili ya mstari huo huo mmoja wa ripoti. Flukonazoli haimgusi aspajilasi hata kidogo. Wiki ile ndiyo iliyotugharimu.

Shahidi wa kwanza wa maana ni mgonjwa mwenyewe. Kesho ukienda wodini, mwombe nesi akuonyeshe karatasi ya hemogramu, yaani hesabu ya chembe za damu. Usitazame jumla ya chembe nyeupe. Shuka hadi mstari wa neutrofili. Hao ndio askari wanaomla aspajilasi. Wakiwa chini ya 500 (mashine nyingine huandika 0.5) na wakakaa chini hapo zaidi ya siku kumi, mlango uko wazi. Chini ya 100 hakuna mlango wenyewe. Kemo ya lukemia huwaangusha kiasi hicho kwa wiki mbili, tatu, na lukemia yenyewe ilikuwa imeshawapunguza kabla. Ukijumlisha na homa isiyosikia antibiotiki kali kwa siku nne hadi saba, daktari anapaswa kuifikiria fangasi hata kama mgonjwa hakohoi.

Hapa nichepuke kidogo, maana najua hemogramu hupigwa picha zikatumwa kwa simu mtaa mzima. Waafrika wengi huzaliwa na neutrofili chache kuliko kiwango kilichochapwa pembeni mwa karatasi, na haziwadhuru. Mtu mzima mwenye afya akipata 1,200 si habari. Na wenye watoto wa selimundu, nanyi Pwani mko wengi, msilichukue jibu hili mkalivaa: kifua cha mwenye selimundu kikibana ghafla kwa kawaida ni mishipa ya pafu iliyoziba, au bakteria, au vyote viwili, na hiyo ni dharura yake nyingine. Ninayoyasema hapa ni ya walioishiwa neutrofili kwa lukemia, kwa uboho uliokauka, au waliopandikizwa uboho.

Tuje kwenye eksrei "safi", iliyomfanya baba aone twawasumbua. Lile wingu jeupe tunalolitafuta kwenye eksrei ya nimonia si wadudu. Sehemu kubwa yake ni usaha na majimaji, yaani vita vya mwili wenyewe. Pasipo askari hapana vita, na pasipo vita hapana wingu. Nimeona eksrei safi asubuhi, na CT ya jioni ile ile ikaonyesha madonge matatu. CT hulikata pafu vipande vyembamba kama mkate wa mofa chini ya kisu kikali, ikaona kilichojificha nyuma ya moyo na mbavu. Hata ile dawa ya kung'arisha picha, inayochomwa mshipani, haihitajiki kwa kazi hii.

Tunachokitafuta ni hiki. Aspajilasi ikiota hutoa nyuzi, na nyuzi hizo hupenya mishipa ya damu ya pafu. Mshipa huziba, nyama iliyokuwa ikilishwa na mshipa ule hufa, na pembezoni mwa nyama iliyokufa damu huvuja. Kwenye picha utaona donge jeupe, na kulizunguka pete ya utusitusi, kama mwezi mpevu usiku wenye mawingu mepesi juu ya Bandari ya Kale. Pete hiyo twaiita halo. Donge likiwa ukingoni mwa pafu hugusa utando wa kifua, na hapo mgonjwa huumwa akivuta pumzi. Huenda ndiyo siri ya ubavu wa nduguyo.

Halo haikai. Katika utafiti mmoja wa Ufaransa uliofuatilia wagonjwa wa namna hii kwa CT za mara kwa mara, siku ya kwanza karibu wote walikuwa nayo. Baada ya wiki moja ilibaki kwa takriban mmoja kati ya watano. Kwa hivyo CT ya leo na CT ya Jumatatu ijayo si kitu kimoja. Mkiambiwa mashine ina foleni, ulizeni kama kuna nyingine mjini. Hili ndilo jambo la pekee katika barua hii ambalo ningewaambia mlisukume.

Shahidi wa tatu ni hiyo galaktomanani. Ni sukari iliyo kwenye ngozi ya aspajilasi. Fangasi ikikua humwaga kidogo katika damu, na maabara huitafuta. Jibu halisemi "ipo" au "haipo". Huja namba. Kipimo chenyewe huanza kuhesabu ipo kuanzia 0.5, lakini wataalamu wa Ulaya na Marekani waliposahihisha vigezo vyao mwaka 2020 walitaka damu ifike 1.0 ikiwa ni sampuli moja tu unayoitegemea. Basi mkipata 0.6 msishangilie wala msilie. Hurudiwa baada ya siku chache, na wengi wetu hupima mara mbili kwa wiki.

Ila zake ni mbili kubwa. Huweza kusema uongo wa ndiyo: baadhi ya maji ya dripu yenye glukonati huipandisha bila fangasi yoyote. Na husema uongo wa hapana, hasa mgonjwa akishaanza dawa ya fangasi, kwa kuwa dawa huizuia fangasi kukua na sukari haimwagiki. Ndiyo maana natumaini damu ya nduguyo ilitolewa kabla ya dozi ya kwanza. Muulizeni nesi saa ya kutolewa. Tena msichoke majibu yakichelewa: sahani ya kipimo cha kawaida ina vishimo 96, na maabara haipendi kuifungua kwa sampuli moja, basi hungoja zijae au huituma damu kwenye maabara kubwa. Siku hizi kuna vijiti vya haraka, mfano wa kile cha mimba, vinavyotoa jibu ndani ya saa moja. Vikipatikana kwenu, ni neema.

Kuna njia ya kupata ushahidi mzito zaidi: bronkoskopi. Mrija mwembamba wenye taa hupitishwa puani au kinywani hadi kwenye pafu, maji ya chumvi humwagwa pale palipo na donge, kisha hufyonzwa. Galaktomanani ya maji hayo huikamata fangasi kuliko ya damu, na maji hayo hayo hupimwa TB na mengineyo kwa mkupuo mmoja. Kinachozuia ni pleteleti, chembe zinazogandisha damu. Kuosha tu kwaweza kufanywa hata zikiwa chini, baada ya kuongezewa. Kumega nyama ni jambo jingine. Wengi wetu hatuthubutu chini ya 50,000, na mgonjwa wa lukemia wiki ya tatu ya kemo mara nyingi ana 10,000 au 15,000. Akivuja damu ndani ya pafu hakuna pa kuifunga.

Sasa utaelewa lile "huenda" la daktari. Katika vigezo vile vya mwaka 2020 kuna ngazi tatu. Hakika: nyama ya pafu imetazamwa kwa hadubini na nyuzi zimeonekana ndani yake. Yaelekea: mgonjwa yuko hatarini, CT yaonyesha, na galaktomanani au maji ya pafu yameunga mkono. Yawezekana: mgonjwa na CT, bila ya huyo wa tatu. Ngazi hizi zilitungwa kwa ajili ya utafiti, ili daktari wa Paris na wa Chicago wakisema jambo wawe wanasema jambo moja. Hazikutungwa kumwambia mtu lini aanze dawa. Tukingoja hakika kwa mgonjwa wa pleteleti 12,000, mara nyingi tutaipata kwa kuchelewa mno.

Na kuwahi kuna faida inayohesabika. Wagonjwa 235 wenye ugonjwa huu walichambuliwa, matokeo yakachapishwa mwaka 2007: walioanza dawa CT ikiwa bado na halo, 71 katika kila 100 walikuwa hai baada ya wiki 12. Ambao halo haikuwapo, 53. Mwambie baba namba hizo mbili. Daktari akianza vorikonazoli usiku na CT ikafuata asubuhi, hajabahatisha. Amenunua muda, na akiona CT ni safi na namba za damu ziko chini mara mbili, anaweza kuisimamisha.

La jirani sasa, ambalo kwangu ndilo la hatari kuliko yote uliyoandika.

Jirani hana kosa kuiwaza TB. Mombasa hii TB ipo, na mwenye lukemia aweza kuipata. Lakini GeneXpert imeshasema hapana, na TB haina desturi ya kulipuka hivi ndani ya wiki moja baada ya neutrofili kuanguka. Shida yenyewe iko kwenye dawa. Ndani ya vidonge vya TB mna rifampisini, na rifampisini huliamsha ini likaanza kuichoma vorikonazoli kwa kasi ya ajabu. Kiwango cha vorikonazoli katika damu huanguka kwa zaidi ya asilimia 90. Mgonjwa anameza, bili inalipwa, na fangasi haioni dawa. Tena ukisimamisha rifampisini leo, ini hubaki limechangamka kwa wiki mbili hivi. Kwa hivyo "tumpe za TB tujaribu" si jaribio lisilo na madhara. Kwa nduguyo ni kumnyang'anya dawa anayoihitaji. Daktari akiona sababu ya kweli ya kutibu TB, atabadilisha dawa ya fangasi au aina ya dawa ya TB. Lisifanywe kwa ushauri wa barazani.

Kuna fangasi wengine wawili ambao daktari anao kichwani hata kama hajawatajia. Mmoja ni mukori, ile iliyoitwa fangasi nyeusi India ilipokumbwa nayo wakati wa Korona mwaka 2021. Hii haimwagi galaktomanani kabisa, na vorikonazoli haiiwezi, yataka dawa nyingine, amfoterisini. Kwenye CT mara nyingine pete hugeuka: katikati utusitusi, ukingoni weupe. Kwa hiyo CT ikiwa mbaya na galaktomanani ikarudi sifuri mara kwa mara, msishangae dawa ikibadilishwa. Mtazameni pia usoni: shavu likivimba, pua ikitoa damu au ikiwa na gaga jeusi ndani, semeni siku hiyo hiyo. Mwingine ni nyumosistisi, ambayo wengi waijua kwa habari za ukimwi. Hiyo hufanya pumzi iwe fupi kuliko inavyoleta maumivu, na kinga yake ni Septrin. Ulizeni kama nduguyo alikuwa akipewa.

Yaliyobaki ni ya wodini. Akikwambia taa zimebadilika rangi au aona mng'aro nusu saa baada ya dozi, hajachanganyikiwa. Ni vorikonazoli, na hupita. Vidonge ni saa moja kabla au baada ya kula, kwa hivyo uji umngoje. Akitolewa nje, jua la kwetu lisimpige, ngozi yake itaungua upesi. Na mkumbushe daktari kama kemo ijayo ina vinkristini, maana hizo mbili hazipatani na mishipa ya fahamu huumia. Kama mrengo huo wa hospitali unavunjwa ukuta au kubadilishwa dari, ombeni ahamishwe kitanda. Vumbi la ukarabati hubeba mbegu za aspajilasi kuliko vumbi la barabarani.

CT ya pili wataifanya baada ya wiki moja au mbili. Nakwambia mapema ili msizimie: wiki ya kwanza madonge huweza kukua mara kadhaa hata dawa ikiwa inafanya kazi. Baadaye, neutrofili zikirudi, nyama iliyokufa hujitenga na nyama nzima, hewa huingia katikati, na kwenye picha utaona mwezi mwandamo, hilali nyembamba nyeusi juu ya donge. Kwa asiyejua huonekana kama pafu limetoboka. Kwetu ni dalili kwamba askari wamerejea. Lakini siku hizo hizo ndizo mshipa uliomung'unywa huweza kupasuka, basi akikohoa damu, hata ya kijiko cha chai, msingoje raundi ya asubuhi. Mwamsheni nesi wa zamu.